Mhudumu Mwenye Hofu Hawezi Kumlinda Mzee

Hotuba niliyoitoa mbele ya wamiliki na mameneja wa nyumba za wazee wanaozungumza Kiswahili, mjini Reading, Uingereza, Novemba 2025. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa kazini siku ile.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotangulia katika nchi hii, shikamooni. Wamiliki na mameneja wa nyumba za wazee, nyinyi mnaoendesha huduma za majumbani, na nyinyi ndugu zangu mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa bila kupitia kitandani, nawashukuru kwa kufika.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuajiri wahudumu kutoka ng'ambo. Najua wapo waliotarajia nieleze fomu, ada na tarehe, na hayo nitayagusa kwa sababu mwajiri asiyeyajua atajikwaa. Lakini nimekuja na neno moja, na mtaniwia radhi nikilirudia: mhudumu mwenye hofu hawezi kumlinda mzee. Mnaweza kuwa na leseni ya udhamini, ile ruhusa ya Serikali ya kuajiri watu wa ng'ambo, isiyo na doa, mafaili yaliyopangwa, na ripoti nzuri kutoka CQC, tume inayokagua ubora wa huduma zetu. Ikiwa aliye kando ya kitanda saa tisa za usiku anakuogopa wewe kuliko anavyomhurumia mzee, nyumba yako haina ulinzi.

Nianze na kisa nilichopewa ruhusa ya kukieleza. Mwanamke mmoja tunayefanya naye kazi sasa aliwahi kuajiriwa katika nyumba nyingine, mji mwingine. Alfajiri moja alikuwa akimbadilisha nguo ya kulalia bibi wa miaka 91, na alipopandisha mkono wa nguo akaona kwenye sehemu ya juu ya mkono alama nne za rangi ya zambarau, zimepangana kama vidole, na ya tano upande wa pili. Alijua zile ni alama za mkono wa mtu. Alijua pia la kufanya, kwani alikuwa amefundishwa: achukue karatasi yenye mchoro wa mwili, aonyeshe mahali, aandike saa, amweleze meneja, na meneja asipochukua hatua aende kwa halmashauri au kwa CQC. Unadhani alifanya nini? Aliushusha ule mkono wa nguo taratibu, akamfunika bibi shuka, akaandika kwenye daftari la usiku kwamba amelala vizuri.

Kwa nini? Kwa sababu wiki moja kabla, meneja wake alikuwa amesimama jikoni mbele ya wahudumu wote wa kutoka ng'ambo akawaambia kwamba vyeti vyao vya udhamini, vinavyoshikilia viza zao, vimo ndani ya kompyuta yake, na kwamba kuvifuta ni kazi ya dakika mbili. Zile alama zilionwa siku tatu baadaye na binti wa yule bibi, alipokuja kumchana mama yake nywele. Siku tatu, ndugu zangu. Yule dada ananiambia kwamba mpaka leo, akimvalisha mtu nguo ya kulalia, lazima atazame mkono ule kwanza.

Hakuna aliyemwambia asiseme. Hofu ilitosha.

Turudi nyuma kidogo tuone tulifikaje hapa. Mwaka 2021 kuingia 2022, sekta ya huduma za jamii kwa watu wazima hapa England ilikuwa na nafasi zipatazo 165,000 zisizo na watu. Mnaikumbuka hali ile. Wengi wenu mlikuwa mnafanya zamu za wahudumu wenyewe. Februari 2022 Serikali ikaruhusu wahudumu wa wazee waajiriwe kutoka nje kwa viza ya wahudumu wa afya na huduma za jamii. Mwaka ulioishia Machi 2023 wakaingia watu wapatao 70,000, na mwaka uliofuata wapatao 105,000. Nyumba zilizokuwa karibu kufungwa zikapumua. Wazee waliokuwa wakiogeshwa mara moja kwa wiki wakaogeshwa walivyotaka. Hilo lisemwe kwa sauti, maana siku hizi watu wanaizungumzia miaka ile kana kwamba ilikuwa kosa tupu.

Lakini mlango ulipofunguka, waliingia pia walioona cheti cha udhamini kama bidhaa. David Neal, aliyekuwa mkaguzi huru mkuu wa mipaka na uhamiaji, ripoti yake ilipotolewa Machi 2024 ilionyesha kwamba vyeti 275 vilikuwa vimetolewa kwa nyumba ya wazee ambayo haikuwapo kabisa, na vingine 1,234 kwa kampuni iliyosema yenyewe ina wafanyakazi wanne. Nyuma ya kila cheti kuna mtu, na nyuma ya mtu kuna familia iliyochanga. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 Serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta yetu, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya wadhamini hao.

Sasa nataka kusema jambo ambalo silisemi kwa wepesi. Ni rahisi kuwanyooshea kidole waliouza vyeti. Mimi sikuuza cheti hata kimoja. Hata hivyo mwaka 2022, kwa ajili ya nyumba ya wazee ninayoisimamia, nilipata wahudumu sita kupitia wakala, na sikuuliza swali lililopaswa kuwa la kwanza.

Mmoja wa sita wale alikuwa kijana wa kutoka pwani, si mbali na Likoni nilikozaliwa mimi. Alikuwa mpole, na mikono yake ilikuwa hodari, wazee walimpenda. Zamu yoyote iliyobaki wazi aliichukua. Usiku sita kwa wiki, mara nyingine siku ya saba. Nilimsifu kwenye mikutano, nikasema huyu ndiye mfano. Jioni moja alimpa chai mzee mmoja mwenye shida ya kumeza, mzee ambaye kila kinywaji chake lazima kitiwe unga wa kukifanya kizito ili kisiingie njia ya hewa. Unga haukutiwa. Mzee alipaliwa akakohoa mpaka uso ukabadilika rangi, na tulikaa naye mlo mzima tukihesabu pumzi zake. Mwenyezi Mungu alimsitiri, akapona.

Nilimkuta kijana yule kwenye chumba cha kufulia nguo, ameketi juu ya kapu la mashuka, kopo la unga bado liko mkononi. Alikuwa amelichukua, akalifungua, kisha usingizi wa macho wazi ukampitia akasahau kwa nini alilishika. Ndipo aliponieleza. Wakala wetu, yule niliyeamini kwamba analipwa na sisi peke yetu, alikuwa na mwenzake Mombasa, na yule mwenzake alichukua kwa familia yake shilingi 1,400,000 za Kenya. Shamba la minazi la babu yake liliwekwa rehani. Kila mwezi mama yake alikuwa akipigiwa simu.

Je, mimi nilimlipisha? La. Nilijua? La. Lakini swali halikuwa gumu: umemlipa nani, na kiasi gani, ili ufike mbele ya kamera hii tunapozungumza? Lingenichukua nusu dakika. Sikuliuliza kwa sababu nilihitaji watu, na mtu mwenye shida hapendi kuuliza swali ambalo jibu lake litamwongezea shida.

Tuliachana na wakala yule, tukatoa taarifa kwa GLAA, mamlaka iliyokuwa ikishughulikia unyonyaji wa wafanyakazi, na wamiliki wa nyumba wakakubali kubeba sehemu ya deni lile, kwa kuwa sisi ndio tuliomchagua wakala. Hatukuwa na sheria iliyotulazimisha kulibeba. Tulikuwa na jina letu kwenye cheti.

Kwa hiyo nawaomba mshike mambo haya. Katika nchi hii ni kosa kwa wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Tozo ya ujuzi wa wahamiaji hulipwa na mwajiri, na haijapata kuruhusiwa kumbebesha mfanyakazi. Tangu tarehe 31 Desemba 2024 ni marufuku pia kumbebesha mfanyakazi gharama ya leseni ya udhamini au ada ya cheti chenyewe, na anayefanya hivyo anaweza kupokonywa leseni. Na zile karatasi mnazowasainisha watu, kwamba akiondoka kabla ya miaka mitatu atalipa maelfu ya pauni? Zisomeni upya, leo jioni. Kama karatasi ile inamfanya mtu abaki kwako kwa kuogopa deni, basi umefanya kile alichofanya mtu wa Mombasa, ila kwa herufi nzuri zaidi.

Juu ya saa za kazi sitakaa sana, kwa sababu hesabu yake iko wazi. Tangu Aprili 2025 kima cha mshahara wa mhudumu aliyedhaminiwa ni pauni 25,000 kwa mwaka, pauni 12.82 kwa saa. Zidisheni kwa saa 37.5 na majuma 52 mtaona inakuja hapo hapo. Maana yake ni kwamba ukimdhamini mtu umeahidi saa 37.5 za kila wiki, uwe na wateja au usiwe nao. Nyinyi wa huduma za majumbani mnajua ninakogusa. Mhudumu anafika kwa mteja saa moja asubuhi, anatoka saa mbili, anaketi kwenye kituo cha basi mpaka saa sita, anamlisha mteja wa pili, anangoja tena, anarudi chumbani kwake saa nne usiku, na hati ya mshahara inaonyesha kazi ya saa nne tu. Mwendo kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine ni kazi, na sheria ya kima cha chini cha mshahara inauhesabu. Aliyekaa kwenye baridi ile mchana kutwa akifikiria kodi ya chumba hatakuwa na moyo wa kumsikiliza mzee anayerudia kisa kile kile mara ya nne.

Kuna hofu nyingine ndogo, na kwa kuwa ni ndogo hatuioni. Ni hofu ya kuuliza.

Kwenye nyumba yetu ya wazee alikuwapo bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa adabu na kauli safi. Mhudumu mpya, wiki yake ya pili, alimsikia akimwambia kwa sauti ya chini kwamba angependa kutumia peni moja. Mhudumu akaenda akamletea mkoba wake wa pesa. Bibi akautazama mkoba, akarudia ombi lake, sauti ikizidi kushuka. Mhudumu akamfungulia mkoba. Kwa wazee wa nchi hii, kutumia peni moja ni kwenda haja ndogo, kwa sababu zamani mlango wa choo cha umma ulifunguka kwa kutumbukiza peni. Bibi yule alijilowesha pale pale kitini, mkoba ukiwa magotini, akalia. Alikuwa amefundisha watoto wa watu miaka yote ile, na sasa ameketi kwenye maji yake mbele ya mgeni.

Nilimuuliza mhudumu kwa nini hakumwita mwenzake. Akasema aliogopa tutadhani amefaulu mtihani wa Kiingereza kwa hila. Alikuwa ameufaulu kihalali. Lakini mtihani ule haumfundishi mtu lugha ya aibu, na kila watu wana lugha yao ya aibu. Sisi wenyewe tunasema tunakwenda msalani, tunakwenda kujisaidia, na mgeni angetushangaa.

Tangu siku ile, mhudumu yeyote anayeanza kwetu hukaa na wazee watatu kwa wiki mbili za kwanza, saa moja kila siku, bila kazi nyingine, na wao ndio walimu. Yule mwalimu mstaafu alikuwa wa kwanza kujitolea. Aliandika kwa mkono wake orodha ya maneno ya mwili, ya maumivu na ya choo, na pembeni ya kila neno akaandika ni watu wa aina gani hulitumia. Tunayo mpaka leo, tumeitia kwenye plastiki. Wahudumu nao walimweleza kwa nini wanaona vigumu kumwita mtu wa umri wake kwa jina tupu, wakamfundisha neno shikamoo, na akawa anaitika marahaba kwa wote, hata kwa daktari.

Nazungumzia upweke kwa ufupi, ingawa unastahili mkutano wake. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu anayeomba viza hii hawezi kuja na mume, mke wala watoto. Mnao watu kwenye nyumba zenu wanaowafunika shuka mama wa wengine, na watoto wao wenyewe wanalala bila kuwaona. Hatuwezi kubadili sheria kutoka ukumbi huu, lakini ratiba tunaipanga sisi. Majira ya baridi, saa kumi na moja jioni hapa Reading ni saa mbili usiku Nairobi na Dar es Salaam, saa ya watoto kulala. Sisi tuliihamisha mapumziko ya wahudumu wenye watoto mbali, ikawa saa kumi na moja badala ya saa kumi na mbili na nusu. Haikutugharimu hata senti. Ukipita kwenye korido wakati huo utasikia hadithi za sungura na fisi zikisimuliwa kwa sauti ya chini nyuma ya mlango wa chumba cha mapumziko.

Sasa nifike kwenye hali ya leo. Mnafahamu kwamba tangu tarehe 22 Julai 2025 hatuwezi tena kuajiri mhudumu wa wazee aliye ng'ambo. Walio ndani ya nchi wanaweza kuongeza muda au kuhamia kwetu, na kwa wanaobadilisha aina ya viza, mlango huo utakaa wazi mpaka tarehe 22 Julai 2028. Wauguzi waliosajiliwa bado wanaweza kuajiriwa kutoka nje, na kwa nyinyi wenye nyumba za uuguzi naomba mkumbuke kanuni ya maadili ya uajiri: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, hivyo mwajiri au wakala hapaswi kwenda kuwavuna wauguzi huko, ingawa muuguzi mmoja mmoja anaweza kuomba kazi mwenyewe. Kenya ina makubaliano yake na Uingereza ya mwaka 2021, na kuajiri kutoka huko kunafuata masharti hayo. Sisi tuliozaliwa katika hospitali zile, tuliokuta wakunga wawili wodi nzima, hatuwezi kujifanya hatujui orodha hiyo ina maana gani.

Baadhi yenu mmenipigia simu mkilalamika kwamba sasa watu watatoka wapi. Nami nawauliza: wale 39,000 wako wapi?

Wako hapa. Wengine wako mtaa wa pili. Mwajiri akifutiwa leseni, mfanyakazi hupokea barua, na kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Tangu tarehe 9 Aprili 2025, sheria hapa England inamtaka mwajiri ajaribu kwanza kuwapata watu hawa kabla ya kudhamini mgeni, na kila eneo lina ushirikiano wa halmashauri na waajiri wenye orodha ya majina yao. Wana mafunzo, wana uchunguzi wa kumbukumbu za polisi, wameshajua kutumia mashine ya kumnyanyua mgonjwa, wameshajua maana ya kutumia peni moja. Kosa lao ni kwamba waliwaamini waajiri wenzetu. Nimesikia meneja mmoja akisema hawezi kuwachukua kwa sababu wana historia. Historia ya nini? Ya kudhulumiwa?

Dada aliyeziona zile alama tano alikuja kwetu kwa njia hiyo, siku 60 zake zikiwa zimebaki 17. Mwezi wake wa tatu kwetu aliniandikia taarifa dhidi yangu mwenyewe, kwamba nilikuwa nimepanga mtu mmoja usiku kwenye ghorofa yenye wazee wawili wanaohitaji watu wawili kuwageuza. Alikuwa na haki, na ratiba ilibadilishwa siku ile ile. Niliihifadhi karatasi yake. Hakuna barua ya pongezi kutoka kwa familia yoyote iliyonifurahisha kama ile, maana iliandikwa na mtu ambaye cheti chake kiko ndani ya kompyuta yangu.

Namalizia na ombi, na si la jumla. Juzi Jumatano alikuja mlangoni kwetu mama mmoja kutoka Kisumu, muda wa barua yake umebaki siku 23. Amefanya kazi ya usiku miaka miwili na nusu, ana barua mbili za sifa kutoka kwa familia za wazee aliowahudumia, na hadaiwi na wakala, nimeuliza. Nafasi zangu zimejaa; nimewaomba wamiliki wetu na hawana saa za kumpa. Ameketi pale nyuma, karibu na birika la chai, amevaa sweta la kijani, na ameniruhusu niwaambie. Nani kati yenu ana saa 37.5?